Mpangaji wa Mama Teresina

Viola alikuwa na wivu, na wala haukuwa wivu wa mume. Sebit angekuwa na hawara, angalau angejua pa kuanzia. Wivu wake ulikuwa wa mama yake mzazi, bibi wa miaka sabini na ushei, na aliyemnyang'anya alikuwa mpangaji. Sasa jambo kama hilo utamlalamikia nani, akuelewe?

Na kilichomuuma zaidi ni kwamba alijipalia makaa mwenyewe.

Nyumba ilikuwa ya wazazi wake, ng'ambo ya daraja, Gumbo, karibu na barabara ya kwenda Nimule. Baba yake, mzee Lomoro, alipofariki alizikwa uani, jirani na mlango wa jikoni, kama anavyozikwa mtu mwenye kwake. Kaburi likasakafiwa, likatiwa vigae vya buluu. Baadaye miguu ya mama ikaanza kumsumbua, Viola akamhamishia kwake Munuki. Nyumba ikabaki tupu, na Juba hii ukiacha nyumba tupu, siku moja utakuta mtu usiyemjua kaanika suruali zake. Ikabidi ipangishwe.

Akaja dalali, mtu mmoja anaitwa Konga, maneno yake asali tupu. Akaizunguka nyumba, akaisifu, akafika kwenye kaburi akajikuna kidevu. "Hapa tunafunika turubai," akasema, "tunapanga viti juu. Mpangaji akishalipa ndiyo ajue. Atafanya nini?"

Mama Teresina alimtazama toka kichwani mpaka viatuni. "Wewe toka kwangu," akamwambia.

Habari za dalali zikaishia hapo. Viola akasema atapangisha mwenyewe, kwani kupangisha nyumba ni kurusha ndege? Akaandika kwa chokaa kwenye geti, akaweka na namba yake ya simu, na watu wakaja. Waliona vyumba vitatu, waliona tangi la maji, wakachekelea. Wakifika uani na kumwona mzee amelala pale, wote walikumbuka kwamba wana haraka.

Isipokuwa Sahra. Huyu alikuwa Msomali aliyekulia Garissa, anauza vitambaa soko la Konyo Konyo, mwanamke wa makamo asiye na mume wala mtoto. Alisimama mbele ya kaburi, akauliza jina la marehemu, kisha akamgeukia mama akampa pole, kana kwamba msiba ni wa jana. Mama akampenda hapo hapo. Viola naye akaona ameokota dodo, akaongeza sharti lake.

"Kitu kimoja tu, dada. Kaburi la baba lifagiliwe kila asubuhi. Mimi niko mbali, na daraja unalijua lilivyo."

Alijiona mjanja kweli kweli. Kumpeleka mama Gumbo kila Jumamosi akafagie kaburi ilikuwa kazi yake, na kazi hiyo ilikuwa imemchosha. Sahra akakubali bila kusitasita. "Na mama atakuja kuangalia kama unafagia," Viola akamalizia, akijua moyoni kwamba mama ataenda mara mbili tatu, achoke.

Mama hakuchoka. Miguu ile iliyokataa kumfikisha kanisani, kumbe boda boda ya Gumbo inaipanda vizuri sana. Kila Jumamosi aliondoka asubuhi, akarudi jua linazama. Mwanzoni alirudi na taarifa: kaburi safi. Halafu akaanza kurudi ananukia ubani. Kisha akarudi na hina vidoleni, mama ambaye maisha yake yote hakupaka hata rangi ya kucha. Mezani kwa Viola alikula vijiko viwili vya asida, ule ugali wao, akasukuma sahani. "Nimeshiba. Sahra alinipikia wali."

Sahra, Sahra, Sahra. Jioni simu ikilia ni Sahra. Viola alikuwa akisimama mlangoni na dawa za mama mkononi, anasikia kicheko kule ndani, mama anacheka mpaka anakohoa. Siku moja akamsikia akimwambia yule mwanamke "bit tai", binti yangu, kwa Kiarabu chao kile kile cha Juba. Yeye aliyezaliwa na huyo mama alikuwa hajaitwa hivyo tangu warudi kutoka Uganda. Aliziacha dawa juu ya friji, akaenda kulala na hasira zake.

"Mshukuru Mungu," Sebit akamwambia. "Wenzako wanapelekana polisi na wapangaji."

Viola angependa sana wapelekane polisi. Alikwenda kukagua nyumba akitafuta kosa: bomba linalovuja, ukuta uliochafuliwa, chochote. Hakuna. Akafikia mahali pa kuamka alfajiri na ufagio mpya, akavuka daraja ili safari hii amfagilie baba yake yeye. Akakuta uwanja umeshafagiliwa na kunyunyiziwa maji. Akarudi na ufagio wake kwenye boda boda, dereva anamtazama kwenye kioo.

Ilipofika hapo akaona liwalo na liwe. Jumatano akatoka kazini mchana, njia nzima anapanga uongo wake. Alimkuta Sahra kibarazani akikunja vitambaa.

"Dada, nyumba tunaihitaji," akamwambia hata bila kukaa. "Kaka yangu anarudi kutoka Arua na familia yake. Mwisho wa mwezi."

Sahra aliweka kitambaa chini. Hakubisha. "Hooyo anajua?" akauliza. Hata hilo lilimchoma Viola, jinsi anavyomwita mama kwa Kisomali, kana kwamba mama ndiye aliyemzaa.

"Anajua. Ndiye aliyenituma."

"Nani amekutuma?"

Sauti ilitoka jikoni. Mama Teresina akatokea na unga mpaka viwikoni, mwiko mkononi, kanga kajifunga kiunoni. Kumbe siku hizi ni Jumatano pia. Sahra akainuka taratibu, akaingia ndani, akawaachia uwanja.

"Kaka gani iko Arua?" mama akauliza. "Mimi nilizaa huyo lini?"

Basi Viola akasema kweli. "Nina wivu, Mama. Haya, nimesema. Kwangu huli, kwangu hucheki. Nimekununulia kitanda, nimekununulia televisheni, nimekuwekea msichana wa kukuogesha. Huyu amekupa nini?"

Mama aliketi kwenye ngazi ya jikoni, akaanza kujibandua unga vidoleni. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Viola kuliko kama angefokewa.

"Huyu alinipa unga," akasema. "Alisema, hooyo, nifundishe asida yenu. Kwako nikishika ufagio, unanyang'anya. Nikiingia jikoni, unasema Mama, kaa. Mimi nimekaa, Viola. Mwaka mzima mimi iko nakaa tu. Hapa mtu akija kuuliza mwenye nyumba, Sahra ananionyesha mimi."

"Mama, nilikuwa nakutunza."

"Najua. Ulinitunza vizuri." Akaupangusa mwiko kwa kanga. "Lakini kwako mimi ndiye mpangaji. Tena mpangaji hapana lipa. Mtu kama huyo anaweza kusema nini?"

Sahra hakuhama. Aliyehama ni mama. Jumamosi iliyofuata Viola mwenyewe alikodi pikapu, akapakia kile kitanda na ile televisheni, akavipeleka Gumbo kwenye chumba cha tatu, ambacho Sahra alikuwa amekipaka rangi. Njia nzima mama alikaa mbele na dereva, akimwelekeza pa kukata kona kama mtu anayeelekea harusini.

Viola alivumilia wiki moja. Jumapili akanunua samaki, akavuka daraja, akasukuma geti la baba yake kama alivyozoea. Limefungwa. Ni haki yao, nyumba imepangishwa. Akagonga.

Hatua zikaja, jicho la Sahra likachungulia tunduni. Kabla hajafungua aligeuka akaita kule ndani, kwa furaha kabisa, "Hooyo, umepata mgeni."

"Mgeni nani?" mama akauliza kutoka jikoni.

Viola alisimama nje na samaki wake, akingoja Sahra amtambulishe.