Fuateni Mwavuli wa Njano

Kesari alikuwa akiwasimulia wageni habari za bakuli, lakini macho yake hayakuwa kwa wageni. Yalikuwa majini. Bwawa la hekalu la Kumbeshwar lilifurika hadi kwenye ngazi, kwa kuwa ilikuwa siku ya mwezi mpevu na mvua ilikuwa haijakatika tangu alfajiri. Mahujaji walilizunguka wakisukumana, nyuzi mpya zimefungwa mikononi, na waganga wa milimani wenye manyoya kichwani walipiga ngoma zao mpaka vifua vya watu vikatikisika. Kesari aliinua juu zaidi mwavuli wake wa njano ili Wahispania wake wasipotee katika msongamano ule.

"Basi hujaji mmoja alipanda mpaka Gosainkunda," alisema, "lile ziwa la juu kabisa milimani. Akainama kuoga, bakuli lake likamponyoka, likazama. Akarudi zake mikono mitupu. Siku moja akaja hapa bwawani, akalikuta bakuli lile lile linaelea. Ndipo watu wakajua kwamba maji haya na maji yale ni mamoja, yanapitia chini ya ardhi."

Wageni waliipenda hadithi hiyo. Bisnu, dereva wa basi lao dogo, hakuipenda tena. Tangu mwaka jana Kesari alikuwa akimlazimisha kupita hapa hata na mgeni aliyetaka kupelekwa dukani kununua zulia tu. "Dada, ipo siku utamleta hapa mgeni anayewahi ndege," alimtania mara nyingi. Siku hiyo hakutania. Alikaa kwenye usukani akitazama mbele, kwa sababu alijua ni siku gani.

Mwezi mpevu kama huu, mwaka uliopita, Hirakaji mume wa Kesari alikuwa huko juu ziwani akiongoza kundi la mahujaji. Ukungu ulishuka, mvua ikapiga, njia ikaporomoka kipande kizima. Hirakaji akawashusha watu wake mpaka kwenye kibanda cha chai, akawahesabu, akakuta bibi mmoja amepungua. Akarudi kumtafuta. Kumbe bibi alikuwa ameshuka na kundi jingine, na walipomwona alikuwa anakunywa chai, mzima wa afya. Hirakaji hakuonekana. Waliokwenda kumtafuta walirudi bila hata kamba ya kiatu chake.

Kesari akawa mke wa mtu ambaye si hai wala si maiti. Mfa maji haachi kutapatapa, naye alikuwa akizama nchi kavu. Hirakaji alikuwa na chupa ya maji ya bati, kuukuu, yenye uzi mwekundu shingoni, ambayo hakuachana nayo safarini. Kama bakuli lilifika, alijiambia, kwa nini chupa isifike? Na kama chupa haijafika, basi haijaanguka majini. Bado iko mkononi mwa mwenyewe, naye bado yuko mahali fulani. Hesabu hiyo ndiyo iliyomwamsha kila asubuhi na kumvisha viatu.

Lakini asubuhi hiyo mama mkwe wake, Gyanmaya, alikuwa amemngoja jikoni, bakuli la mchuzi wa kunde zilizochipua likitoa mvuke mbele yake.

"Picha iko wapi?"

"Picha gani, mama?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Ukutani umebaki msumari."

Kesari alijishughulisha na kufunga mkoba wake. Picha ya Hirakaji ilikuwa humo ndani, imeviringishwa katika nailoni.

"Mwanzi wa kumsindikizia nimekwisha kuununua," Gyanmaya alisema. "Wabebaji nimewaita. Kesho ni siku ya ng'ombe kuwaongoza wafu wote wa mwaka huu, na Yama mungu wa wafu anafungua mlango wake. Mwanangu ataingia na nani?"

"Hajafa, mama."

"Hajafa?" Bibi alilisukuma lile bakuli mpaka ukingoni mwa meza. "Haya, mwite aje ale."

"Tungoje mwakani. Nakuomba. Mwakani tu."

"Mwakani ni zamu ya wafu wa mwakani. Unataka asimame nje milele, ananyeshewa, na mwavuli wake umeushika wewe?"

Mwavuli ulikuwa wa Hirakaji kweli. Alikuwa akiutumia mjini, akiwaongoza wageni katika viwanja na vichochoro, na kila asubuhi aliwaambia maneno yale yale: mkipotea, msiulize, fuateni njano. Kesari alirithi mwavuli pamoja na maneno yake. Alitoka bila kuonja mchuzi.

Sasa, pale bwawani, mwogeleaji mmoja aliibuka katikati ya maji akiwa ameinua kitu kinachong'aa. Kilikuwa chupa ya bati.

Kesari aliiacha sentensi njiani. Alishuka ngazi na viatu vyake, na sare yake ya kazi, na mwavuli mkononi; maji yakamfika magotini, yakamfika kiunoni. "Nipe! Hiyo ni yangu, nipe!" Watu waligeuka. Mwogeleaji alimtazama, akacheka kwa mshangao, si kwa ubaya.

"Yako vipi, dada? Nimeitupa mwenyewe sasa hivi. Tunashindana kuizamia."

Alimwonyesha. Ilikuwa mpya, yenye kifuniko cha buluu. Kesari aliishika hata hivyo, akaigeuzageuza, akaitafutia uzi mwekundu mahali ambapo usingeweza kuwapo. Mtu mmoja ukingoni alicheka kwa sauti, wengine wakamfuata. Bisnu alikuwa ameshateremka ngazi na blanketi la kwenye basi, uso wake umekunjamana. "Twende, dada," alisema polepole. "Twende, wageni wanatazama."

Walimkalisha kwenye duka la chai kando ya hekalu. Wageni walinong'onezana, kisha wakamwachia nafasi kwa adabu, isipokuwa mzee Anselmo, mkulima wa mizeituni mwenye magoti mabovu, ambaye alihitaji kukaa kuliko alivyohitaji adabu. Alikaa karibu naye, akakoroga chai yake muda mrefu.

"Naomba kuelewa jambo," alisema hatimaye. "Nataka kuwasimulia wajukuu bila kukosea. Yule mtu wa bakuli alirudi vipi kutoka ziwani?"

"Kwa miguu."

"Kwa hiyo yeye alifika kwanza. Bakuli likaja baadaye."

"Ndiyo, mzee."

"Ahaa." Mzee alitikisa kichwa, ameridhika. "Maana nilidhani maji ndiyo yalimleta."

Hakuwa na maana nyingine; alitaka tu hadithi yake iwe sawa. Kesari alimchukia kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Alikuwa ameisimulia hadithi hiyo miaka yote ya kazi yake, kwa lugha mbili, na kila mara yule mtu alirudi kwa miguu yake, akala nyumbani kwake, akalala, ndipo akaja bwawani. Hakuna aliyewahi kungojwa hapa. Lililongojwa, kama lilingojwa, ni bakuli. Alishika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili, akalia mbele ya wageni wake, jambo ambalo mwongoza wageni halifanyi.

Siku iliyofuata aliwaleta Bhaktapur, mji wake mwenyewe, kwa sababu ratiba ilisema hivyo na hakuwa na nguvu ya kuibadilisha. Gyanmaya alikuwa ameondoka nyumbani kabla yake, bila kuaga. Mvua ilikuwa nyembamba. Uwanjani mianzi ilikuwa imeanza kupita, mirefu, imevishwa nguo za marehemu, pembe za majani makavu juu yake kama za ng'ombe, picha ya mwenyewe kifuani na mwavuli kileleni. Mbele ya kila mwanzi watu walicheza wakigonganisha fimbo, wanaume waliovaa nguo za wake zao walikatika viuno, na hata waliokuwa na msiba walicheka, kwa kuwa ndivyo wafu wanavyosindikizwa siku hiyo.

"Kila mwanzi ni mtu mmoja," Kesari aliwaambia wageni. Sauti yake ilitoka kavu. "Mkipotea, fuateni njano."

Kisha akauona. Mwanzi ulivikwa koti la kijivu la Hirakaji, lile lililochanika mfukoni ambalo yeye mwenyewe alilishona. Kifuani palikuwa na duara la maua, na katikati ya maua hapakuwa na kitu. Kileleni hapakuwa na mwavuli. Mbele yake alitembea Gyanmaya, peku, katika sari yake nyeusi yenye pindo jekundu, ameshika sinia ya ubani uliozimwa na mvua.

"Huyu wa nani?" alipaza sauti mchekeshaji mmoja mwenye masharubu ya masizi. "Amekufa bila sura? Yama atamjuaje huyu, jamani?"

Watu wakaangua kicheko. Ilikuwa siku ya mizaha na hakuna anayekasirika siku hiyo. Gyanmaya hakukasirika. "Sura anayo," alisema huku akitembea. "Imesahaulika nyumbani."

Alipita karibu kabisa na Kesari. Aliuona mwavuli, na bila shaka aliuona mkoba, lakini hakumtazama usoni wala hakumsaliti mbele za watu. Kesari angependa atukanwe. Angependa apigwe kofi pale pale uwanjani.

Mzee Anselmo alimgusa kiwiko. "Na huyu, Kesari? Huyu ni nani?"

Alikuwa hajawahi kuliacha swali la mgeni bila jibu.

"Huyu ni Hirakaji Suwal," alisema. "Alikuwa mwongoza wageni. Ni mume wangu."

Akajitosa katikati ya wachezaji. Fimbo moja ilimpiga begani, hakuisikia. "Simameni! Simameni kidogo!"

"Hatuwezi kusimama, dada, huko nyuma wanasukuma!"

"Basi uinamisheni!"

Waliuinamisha huku wakitembea, naye akatembea nao, akiipasua nailoni kwa meno. Picha ikagoma kukaa katikati ya maua. Kidole cha Gyanmaya kikatokea kando yake, kikaibana ukingoni mpaka ikakaa. Hirakaji aliwatazama wote wawili kwa lile tabasamu lake la kungojea picha iishe kupigwa. Kesari aliufungua mwavuli, akaufunga kileleni kwa mtandio wake, fundo juu ya fundo.

"Umekaza?" Gyanmaya aliuliza. "Kule mbele kuna upepo."

"Nimekaza, mama."

Wabebaji walipiga kelele, wakausimamisha. Njano ikapanda juu ya vichwa, juu ya mianzi mingine, ikaanza kwenda. Mvua ilimwangukia Kesari utosini, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akahisi kwamba ni baridi.

Ndipo alipokumbuka wageni. Aligeuka. Mahali alipowaacha walikuwa wamesimama watu wengine. Alitazama ngazi za hekalu, akatazama kwa wauza maua, akarudi nyuma mbio akiwasukuma watu, na hakuna uso alioujua. Ameacha watu wake katika umati, naye ni mke wa Hirakaji.

Aliinua macho, na hapo akawaona. Walikuwa wamekwisha kumpita. Walikwenda nyuma ya mwanzi, wameshikana mabega ili wasitenganishwe, nyuso zao zimetazama juu kwenye mwavuli, mzee Anselmo mbele yao akiburuta magoti yake na akijaribu kufuata mdundo wa fimbo.

Kesari alikimbia akawafikia, akashika nafasi ya mwisho, mahali ambapo mwongozaji hutembea njia ikiwa mbaya. Akawahesabu vichwa. Walikuwa wametimia wote.

Akawahesabu tena.