Kioo cha Madamu wa Matamshi

Kile kioo kilikuwa palepale mezani, na ufa wake pembeni. Miaka miwili nilikaa mbele yake nikitanua mdomo, Madamu wa Matamshi akiniambia, "Bado. Tena."

Kosa langu? Niliongea kikwetu, lugha ya mtaani kwetu iliyochanganya lugha tatu mpaka zikazaa ya nne. Madamu aliiita ugonjwa wa ulimi, akanipeleka darasa la uani, kwa watoto wanaosemekana hawajui kusema. Niliingia naongea, nikatoka bubu. Mpaka leo nikiulizwa swali darasani, jasho linatoka kabla ya jibu.

Sasa alimtaka mdogo wangu, Chiriku. Chiriku! Mtoto ambaye nyumbani tunamwomba anyamaze ili tusikie mvua.

Alimwonyesha picha: mwavuli, ufagio, kijiko. Chiriku akazitaja zote kikwetu. Madamu akayahesabu majibu yote kuwa makosa.

"Hana maneno huyu," akamwambia mwalimu mkuu. "Jumatatu aende uani."

Lakini mtoto hahamishwi mpaka mlezi akubali. Mlezi wetu ni Bibi, naye anajua kikwetu tu. Basi tukaketi chumbani kwa Madamu: yeye, mwalimu mkuu, Bibi amempakata Chiriku, na mimi nimeitwa nikalimani.

"Mwambie bibi yako mtoto ana tatizo kubwa la usemi."

Nikatazama sakafu.

"Siwezi, Madamu. Humu kikwetu marufuku. Kinaachwa mlangoni pamoja na viatu. Ulinifundisha mwenyewe."

Mwalimu mkuu akamgeukia. "Kweli hiyo?"

"Ni kwa watoto tu," Madamu akasema, shingo imemwiva. "Haya, leo nakuruhusu."

"Ukiniruhusu mimi, mruhusu na Chiriku. Mpime tena."

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Bibi haelewi lugha ya shule, ila nyuso anazisoma. Akaninong'oneza kikwetu, "Huyu mama anauza nini?"

"Ukimya, Bibi."

"Mwambie kwetu hauna mnunuzi."

Mwalimu mkuu akaagiza picha zirudi, mimi nitafsiri. Weee! Chiriku alifunguka kama bomba lililopasuka. Mwavuli: wa kwetu una tundu, tukitembea mvua inamchagua Bibi peke yake. Ufagio: unajua kufagia, tena unajua na miguu ya watoto watoro. Kijiko: kikubwa ni cha Bibi, lakini akisinzia ni changu.

Bibi akamfinya. Mwalimu mkuu akacheka mpaka akavua miwani.

"Ndiye huyu asiye na maneno? Habanduki darasani kwake."

Mtu mwema angeishia hapo. Mimi nilikuwa nimeshaonja.

"Mwalimu," nikasema, "wenzangu wa mtaani bado wapo kule uani. Madamu atawapimaje upya bila kujua kikwetu? Nitamfundisha."

"Vizuri kabisa. Anzeni hata sasa hivi."

Madamu akanitazama kama anayenikumbuka kwa mara ya kwanza. Nikainua picha ya mwavuli. Chiriku akalitamka neno letu, taratibu, kama anamlisha mtoto. Madamu akajaribu. Likamkwama kooni, Chiriku akaangua kicheko, Bibi akajifunika kwa ncha ya mtandio.

Nikakisukuma kioo taratibu mpaka kikamfikia.

"Tanua mdomo, Madamu. Tena."

Akajitazama. Akajaribu. Bado. Akajaribu tena, midomo inamtetemeka, na safari hii likatoka sawasawa, kama la mtu aliyezaliwa kwetu. Hata Bibi aliitikia kwa kichwa.

Mimi nikatikisa changu.

"Bado," nikasema. "Tena."