Usiwashe Makaa

Mikono ya Ngumbao ilikuwa ndani ya godoro mpaka mabegani simu ilipolia. Aliiacha ilie. Sufi ukishaanza kuisukuma kwenye kona huwezi kuiachia njiani. Ukiiachia inarudi nyuma, kona inabaki tupu, na mwenye godoro atalijua hilo usiku wa kwanza. Akaibana kwa ngumi, akaipigapiga, akaongeza konzi nyingine. Simu ikanyamaza. Ikaanza tena.

Alipotoa mikono ilikuwa imejaa nyuzi nyeupe. Akaufuta mmoja kwenye kikoi, akatazama simu. Ilikuwa namba ya Winnie, mwanawe wa pekee, aliyekuwa Marekani. Winnie hupiga simu Jumapili, akitoka kanisani. Leo ilikuwa Jumanne, jua la asubuhi ndiyo kwanza linaingia barazani, na huko aliko Winnie watu walipaswa kuwa wamelala.

"Baba, uko kazini?"

"Niko. Kuna nini?"

"Hakuna umeme. Ulikatika jana, mpaka sasa haujarudi. Theluji imeanguka, Baba."

Ngumbao akakaa juu ya gunia la sufi. "Si ulisema huko haianguki?"

"Haianguki. Hata wenyeji wanashangaa."

Mji wenyewe ulikuwa kusini kabisa mwa nchi ile, na Winnie aliuchagua kwa sababu aliambiwa joto lake ni kama la Mombasa. Kazi yake ilikuwa kumtunza bibi kizee mmoja, Bi Lorene, nyumbani kwake. Anamwogesha, anamlisha, analala chumba cha pili. Mwenzake aliyekuwa aje kumpokea zamu alishindwa kufika, barabara zimefungwa. Nyumba yenyewe ilijengwa ili ipitishe upepo, madirisha makubwa, kuta nyembamba, na kila kitu ndani yake kikitegemea umeme, hata jiko. Maji ya bomba yalikuwa yameganda. Bomba moja la darini lilikuwa limepasuka, na zulia la ukumbini, alisema Winnie, lilikuwa limeganda, linatoa sauti ya vigae ukilikanyaga.

Alisema hayo yote kwa haraka, na sauti yake ilikuwa ikikatika. Mwanzo Ngumbao alidhani ni mtandao. Baadaye akatambua kwamba ni meno.

"Na bibi?"

"Midomo yake imebadilika rangi. Haongei vizuri. Nimepiga simu ya dharura, wanasema watu ni wengi, ningoje. Watoto wake wako mbali. Baba, simu yangu inakaribia kuzima, nisikilize. Kuna gari la bibi nje. Na uani kuna jiko la kuchomea nyama, na mfuko wa makaa. Nimtie garini nitafute hospitali, au niliingize jiko ndani niwashe? Niambie nifanye nini."

Ngumbao alikuwa ameshona magodoro tangu kabla Winnie hajazaliwa. Theluji hakuwahi kuiona ila kwenye televisheni ya hoteli. Ni yeye aliyemhimiza msichana aende, mamake alipokuwa akilia na Winnie mwenyewe akisitasita. Sasa msichana alikuwa anamwuliza njia, na yeye hakujua hata ardhi ya huko ikoje.

"Gari liache," alisema. "Barabara imewashinda wenyewe, wewe utaiwezaje?"

"Basi niwashe makaa."

"Usiwashe makaa."

"Nitafungua dirisha kidogo, Baba. Nitakaa nilitazame."

"Utasinzia, Winnie."

"Sitasinzia."

"Unamkumbuka Crispus?"

Crispus na mkewe walikuwa jirani zao mtaani Tononoka. Masika fulani, mvua ikinyesha bila kupumzika, waliliingiza jiko chumbani ili mtoto mchanga apate joto, wakafunga mlango na dirisha. Asubuhi Ngumbao alikuwa miongoni mwa waliovunja ule mlango. Waliwakuta wamelala vizuri kabisa, mtoto katikati, juu ya godoro alilowashonea yeye. Winnie alikuwa darasa la sita. Alisimama kwenye ujia akaona.

"Namkumbuka," alisema Winnie.

"Basi sikia. Baridi ya juu unaiona, ile ya chini ndiyo inayomla mtu. Usirundike mablanketi juu yenu na chini mko wazi. Chukua chumba kidogo kuliko vyote. Ingiza magodoro yote humo, weka moja juu ya jingine. Ziba chini ya mlango kwa nguo. Mito ya makochi, mapazia, kila chenye kujaa, zungusha pembeni kama unajenga kiota. Mvue bibi kilichoroa, mvishe kikavu, mfunike kichwa. Halafu lala naye. Mkumbatie, msiachane."

"Hatopenda."

"Asipende."

"Baba, na ikiwa haitatosha?"

Ngumbao akafungua kinywa. Simu ikatoa mlio mdogo, na sauti ya Winnie ikarudi ikiwa karibu zaidi, kama amefunika mdomo kwa mkono. "Mama usimwambie," alisema, na simu ikakatika.

Akapiga. Haikupatikana. Akapiga tena.

Baraza ya Ngumbao ilikuwa kwenye ukingo wa Makadara, pale tuktuk zinapogeuzia kabla ya vichochoro vya Mji wa Kale. Zamani walikuwa mafundi wanne pale. Magodoro ya sponji yalipojaa madukani walipungua mmoja mmoja, akabaki yeye, pamoja na kikohozi chake cha vumbi la sufi, na wateja wachache wa Mji wa Kale ambao kwao bibi harusi hawezi kulalia sponji. Godoro hili la leo lilikuwa la Duha, binti wa Bi Afaf. Lilitakiwa jioni.

Duka la jirani lilikuwa la Taha, muuza kahawa na viungo, ambaye ujanani alikuwa baharia wa meli za mizigo na alifika bandari za kaskazini. Ngumbao akamwendea, akamweleza. Taha alisikiliza huku ameshika kijiko cha kupimia, hakukiweka chini.

"Gari umemkataza, umefanya vema," alisema Taha. "Nimeona lori la tani kumi likiteleza kwenye barafu kama sabuni. Lakini moto..." Akakitazama kijiko. "Sitaki kukudanganya, ndugu yangu. Sisi kule tulikuwa vijana, na tulikuwa na moto. Kizee wa umri huo, usiku kucha, bila moto. Sijui."

"Nilimwona Crispus kwa macho yangu."

"Najua. Sikusema ulikosea. Nasema sijui."

Akamtilia kahawa. Ngumbao akaishika mpaka ikapoa, akairudisha mezani bila kuinywa.

Kazi ilibaki palepale ilipokuwa. Akarudi kwenye baraza, akaingiza mikono. Sufi ilikuwa na joto la jua, na kadiri alivyozidi kuisukuma ndivyo jasho lilivyomtoka shingoni na kushuka mgongoni, na jasho hilo likamwudhi, likawa kama kitu alichomwibia mtu. Alitia sufi, akaipiga kwa fimbo kuisawazisha, akatia nyingine. Kwa kawaida akifanya kazi hii hufikiri mambo madogomadogo, paa linalovuja, bei ya unga. Leo kila alichokifikiri kilimrudisha kwenye chumba kimoja ambacho hakukijua, na kila mara alikipamba upya: dirisha lilikuwa huku, hapana, kule. Chumba kilikuwa kidogo vya kutosha au hakikuwa.

Je, kama alimwogopesha tu? Kama dirisha lililofunguliwa kidogo lingetosha, na bibi yule akafa kwa baridi kwa sababu ya mlango aliouvunja yeye Tononoka miaka ile? Halafu wazo la pili lilikuja, nalo likawa baya zaidi: kwamba Winnie hakumsikia. Kwamba simu ilipokatika alikaa gizani akitetemeka, akawaza kuwa babake yuko mbali kwenye jua na hajui baridi, akaenda uani akaleta jiko.

Adhuhuri mkewe alipiga kutoka Kaloleni, alikokuwa akilima. Kadzo alizungumza kwanza habari za mbuzi, kisha za goti lake.

"Winnie amekupigia?" aliuliza.

"Jumapili."

"Nimemwota. Alikuwa ananililia maji."

Ngumbao akatazama barabarani. Mwanamke alikuwa anapita na kikapu cha maembe mabichi kichwani, anapepesuka kidogo kwa uzito. "Ni ndoto tu, Kadzo."

"Sauti yako imechoka."

"Ni vumbi."

"Ule, basi," alisema mkewe.

Hakula. Alishona ubavu wa godoro kwa sindano ndefu, akiichomeka upande huu na kuitoa upande wa pili, anavuta uzi mpaka unalia, anafunga fundo. Mara mbili alijichoma. Mara moja alikuta ameshona njia ambayo haikunyooka, akaifumua yote akaanza upya, taratibu, maana hakukuwa na mahali pengine pa kuuweka mchana ule. Kila alipofunga fundo alipiga simu. Ilikuwa haipatikani. Taha alitoka dukani kila baada ya muda, akasimama mlangoni, akamtazama, akarudi ndani.

Adhana ya alasiri ikatolewa, Taha akaenda msikitini. Ngumbao alihesabu kwamba huko sasa kunaanza kupambazuka. Aliacha kupiga. Aliogopa kwamba safari hii itapatikana, na atakayepokea atakuwa mtu mwingine.

Simu ikalia kwa namba asiyoijua.

Akaitazama kidogo kabla ya kuishika. "Haloo."

"Baba."

Winnie akasema tena, "Baba, unanisikia?"

"Nakusikia. Sema."

"Tuko kwa jirani. Ng'ambo ya barabara, mzee na mkewe. Wana jiko la gesi. Walikuja alfajiri kwa miguu, wakamfunga bibi kwenye blanketi, tukamvuta juu ya ubao kama mzigo. Wamenipa simu yao." Sauti yake ilikuwa nzito na ya polepole. "Amekunywa chai. Ameimwaga nusu, lakini amekunywa."

"Na wewe?"

"Vidole vya miguu sivisikii sawasawa. Vinarudi. Vinauma, mama wa hapa anasema vikiuma ni vizuri."

"Vikiuma ni vizuri," alirudia Ngumbao.

"Nilienda kulichukua jiko, Baba."

Ngumbao akaiweka sindano chini.

"Alikuwa ananiomba moto. Usiku wote. Alilia kama mtoto, akaniambia mimi mtu mbaya, akanitaja kwa jina sitakwambia. Nikatoka uani, nikalibeba mpaka mlangoni. Nikasimama nalo pale kwenye theluji. Kimya kabisa, Baba, huko nje hata mbwa hakuna. Nikaliacha. Nikarudi ndani, nikamshika miguu yake nikaitia tumboni kwangu, kwenye ngozi. Alinipiga teke. Nikakazana. Tulivyolala ndivyo tulivyokuwa mpaka alfajiri."

"Umefanya vizuri, mwanangu."

"Alipoamka ameniuliza mimi ni nani."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia mimi ni Winnie." Akavuta pumzi. "Nimechoka, Baba. Sijui kama nataka kukaa huku tena. Sijui kama nataka kurudi. Sasa hivi sitaki chochote."

"Usitake chochote. Kaa karibu na jiko."

"Usikate simu."

"Sikati."

"Wamesema naweza kuishika. Ongea tu."

Basi akaongea. Alimwambia Taha amemtilia kahawa, mamake anasema goti linamsumbua na mbuzi mweusi amezaa, godoro la Duha bado upande mmoja. Alimwambia joto la leo lilikuwa la kukera. Aliongea mpaka akasikia kwamba kule hakujibiwi, na badala ya majibu kuna pumzi, ndefu, zenye kukwaruza kidogo puani, kama alivyokuwa akipumua akiwa mdogo na mafua. Nyuma yake mtu wa pili, yule bibi kizee, alikuwa anakoroma.

Ngumbao akanyamaza. Aliibana simu sikioni na hakujisogeza.

Bi Afaf alifika akiwa amevaa buibui, nyuma yake mchukuzi na mkokoteni. Aliliona godoro limeegemea ukuta, ubavu mmoja wazi, sufi imechungulia nje. "Fundi," alianza, "si tulisema jioni..."

Ngumbao akainua mkono, polepole.

Bi Afaf akamtazama usoni. Akakaribia, na Ngumbao, asijue afanye nini kingine, akamnyooshea simu. Yule mama akaiweka sikioni juu ya mtandio. Alisikiliza kwa muda.

"Ni nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mwanangu. Amelala."

Bi Afaf akairudisha kwa mikono miwili. Akakunja buibui lake, akakaa kwenye ukingo wa baraza kando ya gunia, akamwashiria mchukuzi aweke mkokoteni chini. Tuktuk moja ikaja kugeuza mbele yao, ikasimama ikinguruma kungoja abiria. Bi Afaf akainuka, akamwendea dereva, akainama kwenye upande wake na kumwambia neno. Dereva akageuka, akamwona mzee aliyekaa na simu, amefumba macho, nyuzi nyeupe zimemganda kwenye nyusi. Akazima injini.