Saa za Kurudisha

"Moja ikisimama nitasema bahati mbaya," nilimwambia fundi saa. "Zikisimama zote saba, huo ni wizi."

"Mama, naomba upunguze sauti. Hapo juu kuna darasa la tuisheni."

"Sipunguzi! Wewe ungepunguza kuwauzia wazee takataka. Picha mtandaoni zinang'aa kama meno ya bwana harusi, mzigo ukifika umekufa."

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, kioo cha kukuzia kimepandishwa kwenye paji la uso. Chumba chake kilikuwa safi kuliko nilivyotaka kiwe. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe, droo ndogo ndogo zilikuwa na vibandiko, na pembeni palikuwa na taa na boksi jeupe la kupigia picha. Hapo ndipo saa za zamani zilipopigwa picha baada ya kuoshwa mashine, kutiwa mafuta na kuvishwa kioo kipya na mkanda, kisha zikapandishwa kwenye ukurasa wake. Bei nafuu, udhamini miezi mitatu, unaletewa mpaka mlangoni. Baba yangu alikuwa amenunua saba tangu mwezi wa pili.

Nilifungua kopo la biskuti nililokuja nalo, nikazimwaga saa zote saba juu ya kitambaa. Kila saa baba alikuwa ameifunga kwenye karatasi, na juu ya karatasi, kwa mwandiko wake uliosimama wima kama askari, ameandika tarehe ya kupokea, tarehe ya kusimama, na neno moja: *Imekufa*.

"Soma mwenyewe," nikasema. "Hii imepokelewa tarehe nne, imekufa tarehe sita. Hii tarehe kumi na tisa, imekufa ishirini na moja. Hakuna hata moja iliyomaliza siku tatu."

Mimi ni mtunza stoo wa hospitali. Nina diploma ya ununuzi na ugavi, na kazi yangu ni kukagua mizigo na kurudisha mibovu. Nimewahi kurudisha viti vya magurudumu kumi na viwili kwa sababu kimoja kilikuwa kinavuta kushoto. Kwa hiyo sikwenda pale kuomba. Nilikwenda na ushahidi.

Tena nilikuwa na haraka nao. Asubuhi ile dada yangu mkubwa alikuwa amenipigia simu: kesho Jumapili anakuja na gari kumchukua baba, akakae kwake, mji mwingine, mwendo wa siku nzima. Tangu mwaka jana alikuwa akiimba wimbo huo huo, kwamba baba anapotea. "Wewe ndiye unayepotea," nilimjibu. "Baba ana akili kuliko sisi wote tukijumlishwa na mume wako." Safari hii hoja yake ilikuwa saa. Mtu mzima ananunua saa kila baada ya wiki tatu, kila moja anasema mbovu. Una maelezo gani?

Maelezo yangu yalikuwa kwamba muuzaji ni mwizi. Mama alipofariki nilimwahidi baba, mkono wangu mkononi mwake, kwamba hakuna atakayemhamisha kwenye nyumba yake. Basi saa zile zilikuwa lazima ziwe mbovu.

Fundi hakubishana tena. Alichukua saa ya kwanza, akashika kile kifundo cha ubavuni kwa vidole viwili, akakizungusha polepole mpaka kikakataa, akaiweka sikioni. Akailaza juu ya kifaa kidogo kinachosikiliza mapigo. Akachukua ya pili, ya tatu. Nilisimama nimekunja mikono. Alipomaliza, saa zote saba zilikuwa zinatembea juu ya kitambaa cheupe, kwa sauti ndogo kama mchwa wanaokula mlango.

"Ni nzima, mama."

"Sasa hivi, kwa kuwa umezishika wewe."

"Sijafanya kitu. Nimezitia ufunguo tu. Hizi si za betri. Unaitia ufunguo asubuhi, inatembea siku moja na nusu, ukiiacha inasimama. Tazama hizo tarehe zake. Huenda mzee hakujua kwamba ni za kutia ufunguo."

Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu kiasi kwamba watoto wa darasa la juu wakanyamaza.

"Baba yangu hajui kutia saa ufunguo? Binti, baba yangu ametunza saa za kiwanda cha nguo miaka thelathini na mmoja! Saa za ukutani kumi na nane, kila Jumatatu, na ngazi begani. Walimwita Bwana Dakika. Mimi nimejua kutia saa ufunguo kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Huyo mtu anaweza kusahau jina langu, lakini hawezi kusahau…"

Nikaishia hapo.

Fundi aliangalia meza. Angeweza kunimaliza kwa neno moja, na kwa jinsi nilivyomtukana ningelistahili. Alivuta kiti kwa mguu akanisogezea.

"Kaa, mama."

Nikakaa. Akafungua simu yake akanionyesha meseji za baba. Zilikuwa na adabu, kila moja. *Binti, saa imesimama. Naomba uniuzie nyingine.* Chini yake fundi ameuliza: *Babu, uliitia ufunguo?* Na baba: *Nimeshika saa kabla mama yako hajazaliwa.* Wiki tatu baadaye, *Binti, saa imesimama. Naomba uniuzie nyingine.* Swali lile lile, na jibu lile lile, neno kwa neno, mpaka nukta.

"Mwanzoni nilidhani ananitania," fundi akasema. "Halafu nikadhani anakusanya. Wapo wateja wa namna hiyo. Nisamehe, ilinipasa nitafute mtu wa nyumbani nimwambie."

"Mtu wa nyumbani aliambiwa," nikasema. "Hakusikia."

Alifungua droo akatoa saa nyingine. "Hii ni ya betri. Uso wake unafanana kabisa na ile aliyoagiza mwisho. Itatembea miaka miwili bila kuguswa. Chukua, mbadilishie tu."

Nitasema ukweli: niliishika. Akili ya stoo inafanya kazi haraka. Saa ikitembea, dada hana hoja, mimi sijavunja ahadi, na baba yuko nyumbani kwake. Niliigeuza mara mbili. Halafu nikakumbuka jiko lake la gesi. Jiko nalo ningelitia betri?

Nikamrudishia. Nikamwomba radhi, kitu ambacho watu wa stoo hatuna mazoezi nacho, nikakusanya zile saba nikaondoka.

Baba alikuwa kibarazani, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, mkono wa kushoto mtupu.

"Umerudi, mama," akasema. Ndivyo anavyoniita, kwa kuwa nimefanana na mama yake. "Fundi amesemaje?"

Mimi mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua. Waliokufa nimewasema makaburini, na walio hai nimewasema harusini. Nikakaa mbele yake nikamwambia.

"Saa ni nzima, baba. Zote. Ulisahau kuzitia ufunguo."

Akanisogezea sikio.

"Mimi?"

"Wewe, baba."

"Mimi niache saa bila ufunguo?" Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka katikati ya njia. Aliangalia viganja vyake kama mtu aliyeambiwa vimeiba. "Saba?"

"Saba."

Sijawahi kumwona baba akilia, hata siku ya kumzika mama. Siku ile alitoka nje akafagia uwanja. Sasa machozi yalishuka na hakuyafuta. Nilimshika goti. Nilijiambia: limeuma, lakini limekwisha. Jipu limepasuliwa. Sasa tutazungumza kama watu wazima.

Niliingia ndani kumchemshia chai. Masufuria mawili yalikuwa yameungua chini, na mtu ameyaficha nyuma ya ndoo. Niliporudi na kikombe alikuwa ametulia, uso mkavu. Akakipokea kwa mikono miwili.

"Asante, mama. Umekwenda kwa yule fundi?"

"Nimekwenda."

"Amesemaje?"

Mwanzoni nilidhani anataka kusikia tena ili aamini. Nikamtazama machoni. Hapana. Alikuwa anasubiri habari, kwa hamu, kama mtu ambaye hajaambiwa chochote. Ningeweza kumwambia tena. Angeuliza, "Mimi?", angeangalia viganja, angelia, na baada ya chai ya pili tungeanza upya, yeye akiumia kila mara kama mara ya kwanza, na mimi nikijisifu kwamba sidanganyi.

"Amezitengeneza," nikasema. "Amesema ubovu ulikuwa wa mashine."

"Nilijua!" Akapiga goti lake. "Vijana wa siku hizi hawasafishi vizuri. Umemgombeza?"

"Nimemgombeza mpaka darasa la juu likanyamaza."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa baba tangu nikiwa na miaka tisa, na uliteleza bila kukwama.

Nikatoka nyuma ya nyumba nikampigia dada.

"Kesho usije na gari."

"Bado unabisha?"

"Sibishi. Ulikuwa sahihi na mimi nilikuwa mpumbavu, na usiniombe nirudie. Lakini haondoki hapa. Ninahamia mimi."

"Na kazi yako? Na nyumba yako? Mtoto je, na shule?"

"Nitapanda magari mawili badala ya moja. Nyumba ni ya kupanga, na mtoto ana miguu."

Nilisikia anapenga kamasi. "Lini?" akauliza.

"Nimeshahamia."

Nikakata. Nikampigia binti yangu: afunge nguo zetu na vitabu vyake, avute na godoro langu. Akauliza tunakwenda kwa muda gani. Nikamwambia afunge nguo.

Chumba cha zamani cha wasichana, changu na dada, kilikuwa kimejaa magunia matupu, redio bila matumbo, viti vya miguu mitatu. Nilianza kutoa vitu nje, kimoja kimoja. Baba akaja mlangoni, akanitazama, akakunja mikono ya shati bila kuulizwa. Nilipofika kwenye kitanda cha chuma kilichoegemezwa ukutani, alishika upande wa pili.

"Kuna mgeni?"

"Hakuna mgeni, baba. Ni mimi. Nyanyua."

Tukanyanyua, tukakilaza chini ya dirisha.