Presha ya Bi Kionjo

Mashine ya presha ilimwachia mkono. Muuguzi aliifunga upya kwenye mkono wa pili, akasoma, akatoka mbio kumwita daktari. Bi Kionjo akamgeukia binti yake aliyekaa kando.

Jina hilo alipewa kazini, kwenye karakana ya kukaanga karanga. Kila sinia ilipotoka motoni, yeye ndiye aliyeonja chumvi. Miaka kumi na tisa, hakuna kipakiti kilichotoka bila idhini ya ulimi wake.

"Mia mbili na kumi kwa mia na ishirini," daktari alisema. "Mama, dawa unakunywa kweli?"

"Nakunywa, mwanangu. Muulize huyu."

"Namsimamia mpaka ameze," binti yake alidakia, mkoba ameukumbatia kifuani.

Daktari akavuta kiti. Akaeleza kwamba ubongoni kuna seli zinazomwaga homoni ya kuzuia maji yasitoke mwilini na kubana mishipa ya damu. Presha ikipanda, kuna kemikali inayozituliza. "Lakini kwa panya waliolishwa chumvi siku nyingi, kemikali ileile imeonekana ikizichochea. Presha inapanda, homoni inamwagika, presha inapanda tena. Kwa binadamu bado hatuna hakika. Ila chumvi uiache, leo hii."

Bi Kionjo alihisi ubaridi mgongoni. Mwizi wa nje angemfungia mlango. Huyu yumo kichwani mwake!

"Na nikiogopa, si itazidi kupanda?"

"Inaweza, kidogo."

Jibu hilo likamwongezea hofu maradufu. Nyumbani hakuthubutu hata kuinama kuvua viatu. Kila kichwa kilipogonga, alimwita binti.

"Nitazame mdomo. Haujapinda?"

"Haujapinda, mama. Umenuna tu."

Asubuhi alimkabidhi mwenzake kazi ya kuonja, akahamia kwenye kufunga vipakiti, jiko amelipa kisogo. Sinia zilipotoka, mate yalimjaa kinywani. Akayameza, akafunga kipakiti kingine.

Wiki ya sita presha ilisoma mia na hamsini na nne. Binti alishangilia mpaka wagonjwa kwenye foleni wakageuka. Daktari akasema bado iko juu, vidonge viendelee.

Mchana huo Bi Kionjo alikula mboga zisizo na chumvi, akizimeza kama udongo. Mkono mmoja ulishika kijiko. Mwingine ulikuwa shingoni, ukisikiliza mapigo.