Maji ya Kisima cha Kisa

Bango lilipigwa misumari Ijumaa, na kufikia Jumamosi jioni kila apitaye njia ya Njisi alikuwa ameshalisoma: KANISA LA WOTE. KARIBU ULIVYO. Herufi za bluu, kazi ya Dulla, fundi wa Kyela mjini ambaye siku hizi hakuwa na nafasi hata ya kujikuna kwa kuchora mabango ya maduka, maana biashara ilishafunguliwa na kila mwenye marobota mawili ya mitumba alijiita kampuni.

Kisa alilisoma akiwa na ndoo tupu mkononi, akacheka kicheko kibaya. Karibu ulivyo! Siku tatu tu nyuma Mzee Lameck, mwenyekiti wa halmashauri ya kanisa, alisimama uani kwake, akakataa hata kigoda, akamwambia kwamba mjukuu wake Eliud hatabatizwa Jumapili pamoja na watoto wengine.

"Atabatizwa Alhamisi, Mama Elizabeth. Alfajiri. Nyinyi, padri na katekista, basi. Kanuni unaijua: wa ndani ya ndoa Jumapili, wa nje Alhamisi."

Kanuni aliijua. Baba wa mtoto alikuwa karani wa wanunuzi binafsi wa kokoa, waliomiminika baada ya ushirika kulegea. Alipima kokoa msimu mmoja, akamdanganya Elizabeth, binti wa Kisa, kwa maneno matamu, akapanda basi la Mbeya, kimya hadi leo. Yeye hakupangiwa siku na mtu. Aliyepangiwa ni mtoto wa miezi minne, apitishwe kanisani kwa kunyata kama kitu cha magendo.

Kilichomchoma Kisa zaidi ni hayo maji. Mvua za masika zikishika, visima vyote vya pale hugeuka tope, isipokuwa cha kwake. Ndiyo maana tangu enzi za mama mkwe wake, maji ya ubatizo yalitoka kwake. Kila Jumapili ya ubatizo aliteka ndoo ya kwanza kabla mtu hajaosha hata kikombe, akaenda kuimimina katika birika la jiwe lililo mlangoni mwa kanisa, akarudi zake nyumbani kubadili nguo. Hajawahi kulipwa wala kuomba kulipwa. Humwambia "ndaga", yaani asante, naye huridhika.

Jumapili hiyo hakwenda mapema. Alimfunga Eliud mgongoni kwa kitenge kipya, akajitwisha ndoo, akaingia wakati wimbo wa pili unakwisha. Wazazi wa watoto wanne walikuwa wameshajipanga, watoto wamevalishwa meupe matupu. Padri Ezra, kijana mpole mwenye tabia ya kukubaliana na mtu wa mwisho aliyezungumza naye, alikuwa akiangalia birika kavu kama mtu aliyepoteza funguo.

Kisa akatua ndoo. Hakuimimina.

"Baba Padri, maji haya hapa," alisema. "Na mtoto huyu hapa."

Mzee Lameck alishainuka kwenye benchi la mbele. "Mama Elizabeth, hilo tulilimaliza!"

"Mlilimaliza nyinyi." Kisa aliinyoshea ndoo kidole. "Miaka ishirini na mbili nateka maji haya. Wako wote sita, Mzee Lameck, wamebatizwa kwa ndoo yangu. Nilikuuliza siku hata moja maji yanamwendea mtoto wa nani? Nilikwambia wa fulani nitamletea Jumapili, wa fulani asubiri Alhamisi? Kosa la mtu mzima mmelitwisha kichwa ambacho hakijaota hata nywele, halafu mnatundika bango!"

Padri Ezra alimtazama mwenyekiti, akatazama nje ambako mgongo wa bango ulionekana, kisha akaitazama ndoo. Akainama, akaiinua mwenyewe, joho likalowa hadi magotini, akajaza birika.

"Mtoto aitwe jina gani?" akauliza.

"Mama yake yupo. Muulize yeye."

Elizabeth alikuwa benchi la mwisho kabisa, wanakokaa waliozuiwa meza ya Bwana. Alitembea kati ya watu hao wote akitazama mbele, akamfungua mwanawe mgongoni mwa bibi yake.

"Eliud," alisema, na kanisa zima likasikia.

Padri alipowageukia waumini kuuliza kama wanampokea, mabenchi ya mbele yalitazama vitabu vyao. Jibu lilitoka nyuma, kwa wale wa benchi la mwisho, nao hawakunong'ona: "Tunampokea!" Kisha katikati. Mbele wakafuata mmoja mmoja.

Baada ya ibada Mzee Lameck alimkuta Kisa nje, anafuta ndoo.

"Halmashauri itakaa Jumanne kuhusu jambo hili."

"Mkae," Kisa alisema. "Mkimaliza, mfute kanuni au mfute bango. Dulla bado ana rangi. Ila mkifuta bango, mchimbe na kisima chenu."

Akajitwisha ndoo yake tupu, akamwita Elizabeth waende nyumbani, maana mtoto alikuwa na njaa.