Endelea Kusema

Vumbi la chaki linaelea kwenye mwanga wa dirisha, na wewe, mke wangu, umeketi chini yake kwenye dawati la wanafunzi. Kati yetu kuna kinasa sauti. Nachunguza jinsi watu wazima wanavyojifunza maneno ya Kiingereza, na leo zamu ni yako.

Hojaji haikunitosha. Kwenye hojaji uliweka tiki kama wenzako: "Nahusisha neno na picha akilini." Picha gani? Tiki haina mdomo. Ndiyo maana nimeleta mbinu hii: mwanafunzi anafikiri kwa sauti, mtafiti ananyamaza. Mtafiti hajibu, hatikisi kichwa, hajitetei. Ameruhusiwa kusema maneno mawili tu: endelea kusema.

Nakupa kadi yenye neno la Kiingereza la kusubiri.

"Hili nalishika kwa kuuona mlango wetu, Mwalimu. Chakula kimepoa, na mimi nachungulia."

Mwalimu! Nyumbani huniiti hivyo.

Endelea kusema.

Nakupa kadi nyingine, neno la mtumishi wa ndani. Kadi nilizichagua mwenyewe, kwa mkono wangu huu, wala sikushtuka.

"Hili halihitaji picha," unasema taratibu. "Wageni wako wa chuoni walikuuliza mimi ni nani, ukawajibu kwa neno hili. Nilikuwa nimeshika sinia la chai, natabasamu. Kesho yake nikamuuliza jirani maana yake. Ndipo nikaja kujiandikisha hapa, nijifunze Kiingereza."

Kalamu yangu, bila haya, inataka kuandika: mbinu, kuuliza mtu mwingine. Naiweka chini. Aibu imenipanda mpaka masikioni, sina pa kuuficha uso. Nilikuonea aibu wewe, wewe uliyenipikia nikisoma, na sasa aibu imejua kwao ni kwangu.

Endelea kusema, nasema.

"Nimemaliza."

Nazima kinasa sauti. Nikikosea hapa nimekupoteza, najua.

"Mama watoto," naanza, "siku ile mimi..." Lugha mbili kichwani, na hakuna inayonisaidia.

Mwanga umeondoka dirishani. Vumbi lililokuwa likielea limetua kwenye koti langu jeusi, mabegani, kifuani. Kila jioni wewe hunipangusa mlangoni kabla sijaingia. Leo umefunga mikono, unalitazama tu. Hujibu, hutikisi kichwa.

"Endelea kusema, Mwalimu."